Tetemeko la 2016 Hamugembe: Vyama, Ujirani na Madaftari Mawili



Mhariri wetu alinitaka niandike juu ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016. Nilimjibu kwamba habari za shule wanazo wengine wanaozijua kuliko mimi: jinsi majengo ya Ihungo yalivyopasuka na kuanguka, jinsi wanafunzi walivyorudishwa makwao, na jinsi shule ilivyojengwa upya kwa fedha zilizotolewa na Uingereza, hata ikafunguliwa na Rais Magufuli mwezi Januari 2021. Mimi siku ile sikuwa mlimani. Nilikuwa huku chini mjini, Hamugembe, barazani kwangu, mwalimu mstaafu wa miaka mitatu, nikihangaika na redio iliyokataa kushika stesheni. Kwa hiyo nitaandika habari za Hamugembe.

Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: majirani waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya uchaguzi walilala chini ya turubai moja, na majirani hao hao wakagombana tena siku karatasi ilipofika. Katika ugomvi huo mimi nina sehemu yangu, na sijapata kuisema mbele ya watu.

Wadogo zangu, msidhani kwamba siasa iliingia Bukoba na sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992. Watu wa hapa wamekuwa wakikutana, wakiandika barua na kubishana na watawala tangu babu zetu. Bukoba Bahaya Union ilianzishwa mwaka 1924, na Klemens Kiiza ni mmoja wa walioianzisha. Mwaka 1937 wakulima walizikataa amri za Serikali juu ya utunzaji wa mikahawa mpaka pakatokea ghasia. Baadaye akaja Ali Migeyo wa Kamachumu, aliyefungwa na Waingereza kwa ajili ya siasa. Hata kahawa yetu, ambayo mgeni hupewa aitafune kabla hajaulizwa shida yake, imekuwa siasa tangu ilipoanza kuuzwa kwa kilo.

Katika vyama vingi, Bukoba Mjini pamekuwa mahali pa kugeuka. Mwaka 2000 Wilfred Lwakatare alichukua ubunge kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2005 Khamis Kagasheki akaurudisha CCM, akakaa miaka kumi. Katikati ya miaka hiyo madiwani na Meya wakaingia katika mgogoro mkubwa juu ya soko, viwanja na miradi mingine ya Manispaa. Mgogoro ule ulikuwa ndani ya chama kimoja, CCM, lakini uliwagawa watu mpaka vijiwe vya kahawa vikawa viwili viwili: hiki cha Meya, hiki cha Mbunge. Mwaka 2015 Lwakatare akashinda tena, safari hii kwa CHADEMA, na halmashauri ikaenda upande huo.

Hayo ni mambo ya Manispaa. Katika mstari wetu wa nyumba, siasa ilikuwa na sura mbili tu, nami nilikaa katikati yao. Kulia kwangu alikaa mzee mwenzangu, fundi seremala, balozi wa nyumba kumi wa CCM. Ninyi vijana huenda hamwelewi uzito wa neno balozi. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya sitini, na kwa muda mrefu balozi alikuwa Serikali, chama na baraza la usuluhishi kwa pamoja. Mgeni akilala kwako, balozi ajue. Mkigombana juu ya mpaka wa migomba, balozi aitwe. Vyama vingi vilipokuja, balozi akabaki kiongozi wa chama kimoja tu, na mambo ya Serikali yakawa ya mwenyekiti wa mtaa. Lakini mzee wetu hakubadilika. Aliendelea kuamua kesi kama zamani, na nusu ya watu waliendelea kumpelekea.

Kushoto kwangu alikaa kijana wa miaka arobaini hivi, fundi wa pikipiki, wakala wa CHADEMA katika uchaguzi wa 2015. Usiku wa matokeo vijana waliimba mbele ya nyumba ya balozi mpaka alfajiri. Fundi pikipiki anasema hakuwamo. Balozi anasema aliisikia sauti yake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na wake zao wakaanza kuchota maji kwa zamu ili wasikutane bombani. Bendera mbili zilipeperuka juu ya miti mirefu ya mikaratusi, na nyumba yangu isiyo na bendera ilikuwa katikati. Kila upande uliniona mimi ni wa upande wa pili.

Mwezi Agosti 2016 hali ilizidi kuwa nzito nchini kote. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiliwa tangu Juni. CHADEMA ilikuwa imetangaza UKUTA kwa tarehe 1 Septemba, kisha ikaahirisha siku moja kabla. Tarehe hiyo hiyo ya 1 Septemba jua lilipatwa, likaonekana kama pete kule Rujewa, Mbarali. Siku tisa baadaye ardhi ikatetemeka huku kwetu. Mnaweza kukisia yaliyosemwa vijiweni. Kila upande ulikuwa na tafsiri yake, na zote zilikuwa upuuzi.

Ilikuwa Jumamosi, saa 9:27 alasiri. Kwanza nilisikia mngurumo nikadhani ni lori la mchanga. Kisha kiti kikahama pamoja nami. Ukuta wa baraza ulipasuka kutoka juu kwenda chini kama kitambaa, nami nikajikuta uani, redio mkononi, bila kujua nimepita mlango gani. Yote yalikuwa sekunde chache tu. Vumbi jekundu lilisimama juu ya Hamugembe, na kwa muda mfupi hapakuwa na sauti yoyote, hata ya mbwa. Halafu vilio vikaanza.

Wataalamu walitueleza baadaye kwamba tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa upande wa Nsunga wilayani Missenyi, kina cha kilometa 40 hivi chini ya ardhi. Lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata Kenya. Duniani kuna mitetemeko mikubwa kuliko huo isiyoua mtu. Kwetu walikufa watu 17, na waliojeruhiwa walipita 400. Sababu yake iko katika kuta zetu. Nyumba nyingi za Hamugembe zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo mtupu, bila nguzo za zege, bila lenta, kisha zikapigwa plasta nzuri ya saruji kwa nje. Kwa macho ilikuwa nyumba ya kisasa. Kwa tetemeko lilikuwa rundo la matofali. Babu zetu walilala katika misonge ya miti na majani, ambayo hunesa na kurudi mahali pake. Sisemi turudi kwenye misonge. Nasema tu kwamba sisi tuliosoma ndio tuliowacheka wazee kwa nyumba zao.

Iwapo tungekuwa na bahati mbaya zaidi, lingepiga usiku, au siku ya masomo. Naachia hapo.

Kwa balozi ukuta wa chumba cha nyuma uliangukia ndani, na mjukuu wake wa kike alikuwa humo. Mtu wa kwanza kufika alikuwa fundi pikipiki. Aliruka ua wa michongoma, akaanza kurusha matofali kwa mikono, huku akimwita mtoto kwa jina. Nami nilifika, lakini mikono ya mwalimu unaijua. Mtoto alitolewa na mguu uliovunjika, akapakiwa kwenye pikipiki kati ya fundi na mama yake, wakaenda Hospitali ya Mkoa. Balozi alibaki amesimama pale, vumbi limemfunika kichwa, akasema neno moja tu, "Waitu," akakaa chini.

Usiku ule hakuna aliyelala ndani. Ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, na kila ikitikisika watu walisimama. Sasa hapa ndipo linapoingia daftari la kwanza. Mtaani kwetu tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana, kama mitaa mingi ya Bukoba, nami nilikuwa katibu wake. Chama kilikuwa na turubai kubwa, masufuria manne, majamvi, sahani na taa ya gesi. Mali hiyo ilitunzwa kwangu. Tulitandaza turubai kwenye uwanja mdogo karibu na migomba, na watu wa nyumba kumi na nne wakalala hapo. Sikumwuliza mtu yeyote kama amelipa ada. Wanawake walichanganya ndizi, maharage na dagaa walivyoviokoa, wakapika katika sufuria moja. Mke wa balozi na mke wa fundi pikipiki walimenya ndizi wakiwa wamekaa jamvi moja, wamepeana migongo. Kufikia asubuhi walikuwa wamegeukiana. Sikusikia walilosema.

Jumapili miili iliagwa katika uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwapo. Jumatatu, tarehe 12, ilikuwa Idd el Haj. Waislamu wa mtaa wetu waliswali nje, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuingia chini ya dari. Kondoo aliyekuwa amenunuliwa na mzee mmoja kwa ajili ya familia yake alichinjwa karibu na turubai, na nyama ikagawiwa kwa Wakatoliki, Walutheri na Waislamu bila kupima. Bendera za vyama, nikumbuke kulisema hili, zilikuwa zimeanguka zote mbili. Moja iliangushwa na tetemeko. Ya pili iliangushwa na watoto waliotaka mti wake kwa ajili ya kuegemeza turubai. Hakuna aliyeziuliza.

Muda wa namna hiyo niliupata kuuona mara mbili kabla. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Missenyi, ndege zake zikatupa mabomu Bukoba. Nilikuwa mwalimu kijana. Watu wa mji walianza kukimbilia vijijini, na watu waliotoka ng'ambo ya mto Kagera wakapokelewa majumbani bila barua ya mtu. Mara ya pili ni tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu wetu. Katika msiba ule hapakuwa na nyumba isiyokuwa na tanga au jirani mwenye tanga. Na hata leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina. Kumbukeni jambo hilo, kwa maana mimi sikulikumbuka wakati ilinipasa.

Habari za misaada ya taifa mlizisikia. Rais aliahirisha safari yake ya Zambia. Wafanyabiashara na mabalozi walichanga. Uganda ilitoa dola 200,000, Kenya ikaleta mabati, magodoro na mablanketi. Wabunge, ambao mwaka ule walikuwa wakitoleana maneno makali na upinzani ukitoka nje ya ukumbi, walivaa jezi za Simba na Yanga wakacheza mpira wa hisani kwa ajili ya Kagera. Watu walicheka, lakini mimi nilifurahi. Kisha mwisho wa mwezi huo huo ikatangazwa kwamba Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa uteuzi wao umetenguliwa, kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa. Habari ile ilitufikia chini ya turubai, na kuanzia hapo kila blanketi lililochelewa lilihesabiwa kuwa limeibiwa.

Lakini ugomvi wa mtaa wetu ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya hapo, na ulianza na daftari la pili.

Siku ya tano au ya sita tuliambiwa kwamba orodha ya waathirika inatakiwa haraka. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, na kwa kuwa sikuwa na bendera, watu wakasema Mwalimu aandike ya mstari wetu. Nilichukua daftari kubwa la kurasa mia moja, nikachora safu kama nilivyoelekezwa: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, hali ya nyumba. Nikazunguka na balozi upande mmoja na fundi pikipiki upande mwingine, kila mmoja akimwangalia mwenzake asije akaongeza watu wake. Mchezo wenyewe ulikwenda vizuri mpaka tulipofika nyumba ya saba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mtu aliyekaa Mwanza. Ilikuwa na vyumba sita vya kupangisha, na yote ilianguka. Mmoja wa wapangaji alikuwa mama muuza dagaa mwenye watoto watatu, mzaliwa wa Muleba. Vitu vyake vyote, pamoja na mtaji wa dagaa, vilibaki chini ya matofali. Niliandika jina la mwenye nyumba aliyeko Mwanza. Nikaandika, "nyumba imeanguka yote". Kisha nikainua kalamu.

Fundi pikipiki akasema, "Mwalimu, na wapangaji?"

Balozi akajibu kabla yangu. Alisema karatasi inataka mwenye nyumba, na mpangaji hana nyumba iliyoanguka. Ana chumba cha mtu kilichoanguka. Alisema wapangaji wakiandikwa, kila nyumba italeta majina kumi, na wengine hata hatuwajui walihamia lini. Fundi akasema kwamba balozi anawakataa wapangaji kwa sababu anajua walipiga kura wapi. Balozi akasema kwamba fundi anawataka kwa sababu hiyo hiyo. Maneno yakapanda. Mambo ya usiku wa matokeo yakafufuliwa, nani aliimba na nani hakuimba, mbele ya watoto na mbele ya yule mama, aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni akisikiliza habari za nyumba isiyo yake.

Wote wawili walinigeukia mimi. Nami nilifanya nini? Nilifunga daftari nikasema, "Tufuate karatasi inavyosema."

Kwa miaka mingi nimejieleza kwamba nilifuata maagizo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijua kwamba nikimwandika yule mama, kesho ingesemwa Mwalimu ni wa CHADEMA, na pensheni yangu wakati ule ilikuwa na matatizo ambayo yalihitaji niingie ofisi nyingi nikiwa mtu mpole. Sikumnyima kwa chuki. Nilimnyima ili nisionekane. Tena jina lake lilikuwamo nyumbani kwangu, katika daftari la chama cha kuzikana, kwa mwandiko wangu mwenyewe: alikuwa amelipa ada ya kila mwezi bila kukosa tangu ahamie. Katika daftari moja alikuwa mtu wa mtaa ambaye akifa tungemzika. Katika la pili hakuwapo.

Usiku huo mvua ilinyesha, zile mvua za Bukoba zisizouliza msimu. Turubai lilianza kuvuja upande wa wanawake. Asubuhi nilipoamka nilimwona balozi akitoa mbao na vipande vya samani katika karakana yake, kibanda cha mabanzi ambacho hakikuanguka. Alifagia takataka za randa, akatandika jamvi, akamwita yule mama muuza dagaa na watoto wake, akawaambia wakae humo. Walikaa humo mpaka Desemba. Seremala yule alifanya kazi yake nje, chini ya mwembe, mvua ikija anafunika mbao kwa nailoni. Hakudai kodi. Na kila tulipozungumza juu ya orodha, alishikilia neno lake lile lile: mpangaji hana nyumba, haandikwi.

Fundi pikipiki naye alifunga kazi yake siku tatu, akapanda ofisi hii na ile kuuliza kama wapangaji wanahesabiwa. Siku ya tatu alirudi na jibu kwamba wapangaji waandikwe ukurasa wa peke yake. Nilipoandika ukurasa huo, orodha ya kwanza ilikuwa imekwisha kupelekwa. Kalamu ilikuwa nyingine, ya wino wa kijani, na nadhani mtu yeyote aliyeusoma aliona kwamba watu hawa wameongezwa. Yule mama alipata blanketi na mafuta ya kupikia kutoka katika misaada ya dini. Mabati na saruji, vilipokuja, vilikuwa vya wenye viwanja, na hapo hata mimi sioni ingewezekana vipi kufanya vingine. Mpangaji anapanda mabati juu ya nini?

Mwezi Desemba aliamua kurudi kwao Muleba. Alikuja kuniaga, nami nikataka kujipoza moyo. Nikamwuliza, kati ya hawa wazee wawili, yupi anaona alimtendea ujirani zaidi. Akacheka kidogo. Akasema, "Wote ni majirani zangu, Mwalimu. Yule alinipa mahali pa kulala, na huyu alinisemea. Ila wewe ndiye uliyekuwa na kalamu."

Tarehe 2 Januari, 2017 Rais alikuja Bukoba, akasema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba michango itatengeneza majengo ya umma, kama shule, zahanati na barabara. Wapo waliokasirika sana, na upinzani ukalishika jambo hilo kwa muda mrefu. Hoja yao ilikuwa kwamba mchangiaji alitoa shilingi yake akimfikiria mtu aliyelala nje, na hakuwa akifikiria jengo la Serikali. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba maelfu ya nyumba hayajengeki kwa mchango, na shule ikijengwa inawafaa watoto wa wote. Mimi, ambaye shule yangu ilijengwa upya, siwezi kusema hoja ya pili haina maana. Lakini ingalisemwa siku ya kwanza, wakati bakuli la mchango linapitishwa, watu wasingekaa miezi mitatu wakisubiri na kuoneana wivu. Hamugembe hatukugombana juu ya vitu tulivyopewa. Tuligombana juu ya vitu tulivyodhani jirani atapewa.

Bendera zilirudi. Ya CCM ilirudi kwanza, mwezi wa Februari, na ya CHADEMA wiki moja baadaye, juu ya mti mrefu zaidi. Katika uchaguzi wa 2020 jimbo lilirudi CCM kwa Stephen Byabato, na safari hii vijana wa upande mwingine ndio walioimba. Balozi hakutoka nje kusikiliza, alikuwa mgonjwa. Fundi pikipiki ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kila wiki kwa pikipiki yake, na njiani, nimeambiwa na watu waliowaona wamesimama kwenye kituo cha mafuta, walikuwa wakibishana juu ya matokeo. Balozi alifariki mwaka 2021. Turubai lile lile lilitandazwa, limeshonwa mahali pengi. Fundi alichimba kaburi pamoja na vijana wengine, na bendera ya chama cha marehemu ilipoletwa kufunika jeneza, yeye ndiye aliyeshika pembe moja kwa sababu kulikuwa na upepo.

Mjukuu aliyetolewa chini ya matofali anatembea vizuri. Yuko sekondari sasa.

Baada ya tetemeko nyumba yangu niliijenga upya kwa saruji na lenta, polepole, chumba baada ya chumba, na ada ya chama cha kuzikana tuliipandisha ili tununue turubai la pili. Tulikubaliana pia, na hili liliandikwa katika muhtasari wa mkutano, kwamba maafa yakitokea tena orodha ya mtaa ianze na daftari la chama cha kuzikana, kwa kuwa humo mpangaji na mwenye nyumba wameandikwa safu moja. Lilipitishwa kwa kunyoosha mikono. Fundi pikipiki alinyoosha. Balozi, aliyekuwa bado hai, alisema karatasi za Serikali zitakuwa na safu zake tu, kisha naye akanyoosha.

Madaftari yote mawili ninayo hapa nyumbani. Lile la waathirika mchwa wamekwisha kula pembe ya chini, lakini majina yanasomeka, pamoja na ukurasa wa wino wa kijani. Wanafunzi wa Historia wa Ihungo, kama mwalimu wenu ataruhusu, njoni Jumamosi moja mnakili kabla hayajaharibika. Ni mwendo wa kuteremka tu. Mkifika Hamugembe ulizeni nyumba ya Mwalimu iliyo kati ya bendera mbili.